Authen::Libwrap kwenye seva ya stoo ya dagaa: uzoefu wangu

Kama una skripti ya Perl (lugha ya kuandikia programu) inayosikiliza kwenye mtandao wa ofisi na hutaki kila mwenye simu aifikie, jaribu Authen::Libwrap, moduli ya Perl ya kukagua nani aruhusiwe kuunganishwa. Mimi naitumia kwenye seva ya stoo moja ya dagaa jirani na Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Skripti inapokea uzito kutoka kompyuta za mizani, zilizofungwa kwa waya, na kuuingiza kwenye hesabu za siku. Waifai ina anwani za kundi jingine, ila ruta inazipitisha kote, na waifai hiyo wanaitumia madalali, madereva, hadi wateja wa Kongo wanaosubiri mzigo.

Moduli yenyewe ni ndogo. Kazi kubwa inafanywa na TCP Wrappers, programu ya kuchuja wanaobisha kwenye huduma za mtandao, ya Wietse Venema, iliyoanza mwaka 1990 kule Uholanzi. Perl inauliza tu: huyu aingie au asiingie? Jibu linatoka kwenye /etc/hosts.allow na /etc/hosts.deny.

Kwa Debian (aina ya Linux) yenye Perl yake ya kawaida, piga apt install libauthen-libwrap-perl, umemaliza. Kwangu fundi aliyenitangulia alijenga Perl nyingine chini ya /opt, na moduli yenye msimbo wa lugha ya C ndani haihamishwi hivi hivi toka Perl moja kwenda nyingine. Basi nikatumia cpanm, zana ya kupakua na kuweka moduli za Perl. Ikapakua, ikaanza kukompaili (kugeuza msimbo wa C kuwa programu), ikagoma:

tcpd.h: No such file or directory

Hapo mtu anaweza kudhani moduli ni mbovu. Kinachokosekana ni faili za libwrap, maktaba ya TCP Wrappers, za kukompailia. Weka libwrap0-dev na build-essential, rudia, inapita. Bando lenyewe haliumii, ni vitu vidogo.

Ndani ya skripti unaita hosts_ctl, unaipa jina la huduma na anwani ya anayebisha. Huduma yangu nimeiita mizani, na sheria ni hizi, ya kwanza kwenye hosts.deny, ya pili kwenye hosts.allow:

mizani: ALL
mizani: 192.168.10.

Nukta ya mwisho ni sehemu ya sheria: ndiyo inayobeba mtandao mzima. Ukiifuta, kompyuta zote za mizani zinakataliwa. Na ukiacha hosts.deny tupu umefanya kazi bure, maana asiyetajwa popote anaruhusiwa.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba faili hizo husomwa upya kila anapobisha mtu. Juzi mama mwenye stoo kanipigia: "Mwanangu, mzani wa ghala la pili haupeleki kitu." Ghala hilo lina mtandao wake. Nikaongeza anwani kwenye hosts.allow nikiwa bado kwenye daladala ya Igoma. Skripti sikuizima, na foleni ya magunia haikusimama.

Naipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni kwa sababu ukaguzi unafanyika baada ya muunganisho kupokelewa, kwa hiyo anayetaka kukusumbua kwa wingi bado anaifikia skripti. Nftables, ukuta wa moto wa Linux, iachie kazi yake. Pia teknolojia hii inaachwa: OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, iliiondoa katika toleo la 6.7, mwaka 2014, na Red Hat Enterprise Linux 8 haina tena. Kama seva yako ni ya ukoo huo, usihangaike nayo, tumia firewalld, zana ya ukuta wa moto.