Mitutu miwili ya bei nafuu ya kuwindia ndege: Huglu, Stoeger au Baikal?

Kama unataka shotgani ya mitutu miwili ya kuwindia ndege na mfuko haufiki kwa Beretta, basi utazunguka weee mwisho utaangukia kwa Mturuki, Mbrazili au Mrusi, labda na Mhispania wa mtumba ukibahatika kuipata AYA iliyotunzwa vizuri. Hao ndio wenye bei ya binadamu.

Mimi kura yangu inaenda kwa CZ Bobwhite G2. Jina ni la CZ ila inatengenezwa Uturuki na Huglu. Mitutu imekaa ubavu kwa ubavu, kitako kimenyooka mtindo wa Kiingereza, na triga ziko mbili, na hapo kwenye triga ndio nataka watu wanielewe maana wengi wanaziona kama ushamba. Triga mbili ni kama una bunduki mbili mkononi. Ndege akirukia karibu unavuta ya mbele, mtutu wenye choki (mbano wa mdomoni mwa mtutu) ya wazi, marisau yanatawanyika mapema, akiwa ameshatoka mbali kidole kinarudi nyuma kwenye mtutu wa choki ya kubana, huhitaji kubonyeza kitufe chochote. Halafu zile za triga moja nyingi zinategemea mtikisiko wa risasi ya kwanza ili mtutu wa pili ujiandae, sasa risasi ya kwanza ikigoma kulipuka unavuta unavuta hamna kitu na kwale ndo huyoo.

Stoeger Uplander ya Brazil nayo ni kazi kazi tu, haina mapambo wala haijifanyi, na kwa anayeanza inatosha kabisa. Baikal MP-43 ni chuma, mitutu imepakwa kromu ndani kwa hiyo kutu haisumbui sana, ila ni nzito, ile ya geji 12 (geji ni kipimo cha tundu la mtutu, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) inaelea kwenye kilo 3 na nusu, ukishinda nayo porini mabega yatakwambia. Na tangu vikwazo vya Marekani vya 2014 kwa kampuni ya Kalashnikov, wenye Baikal, kuipata mpya imekuwa ngumu sehemu nyingi, uliza kwanza na vipuri.

Nakshi za bata na maua pembeni achana nazo, kwenye bei hii zimechorwa na mashine. Ejekta, ile inayorusha maganda nje yenyewe, pia siyo lazima, ekstrakta inayosukuma maganda kidogo ukayatoa kwa vidole inatosha na ina vitu vichache vya kuharibika.

Ugonjwa mkubwa wa mitutu miwili ya bei nafuu ni mitutu yenyewe kutokubaliana, mmoja unapiga huku mwingine kule. Kwa macho huwezi kuona hata uwe fundi. Kabla hujalipa omba ujaribu kwenye karatasi kubwa, mita 30 hivi, kila mtutu karatasi yake, ukiona vitovu vya marisau vimeachana sana iache hapo hapo hata wakupunguzie bei, maana kurekebisha hiyo ni gharama kuliko bunduki. Pia ibebe begani ukiwa umefumba macho, fumbua, kama jicho halijakaa katikati ya mitutu basi kitako siyo chako, ila hicho fundi anaweza kukikata.

Geji? Kwa ndege wa kawaida 20 inatosha na unapata bunduki ya chini ya kilo 3, bata wa mbali chukua 12. Angalia na chemba, pale risasi inapokaa, ya milimita 70 usiiwekee risasi ya 76 hata kama inaingia. Na mkiwa na geji zote mbili nyumbani msichanganye risasi mfukoni kabisa, ya 20 inateleza ndani ya mtutu wa 12 inakwama huko mbele, wewe unadhani hamna kitu unaweka ya 12 nyuma yake, ukifyatua mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto. Ndo maana risasi za 20 kwa kawaida zina rangi ya njano.