TAHADHARI: Ajenti wa kazi ya kuchuma stroberi Uingereza, ametoka Nakuru sasa ako Kakamega, msitume pesa

Wadau naomba msome hii yote hata kama ni ndefu, na kama uko na mtu nyumbani anapanga kuenda majuu kufanya kazi ya shamba mpatie simu asome pia. Kuna jamaa anajiita ajenti, alikuwa na ofisi hapa Nakuru tauni, meza safi, sekretari, bendera ndogo ya Uingereza kwa dirisha, anachukua pesa za watu akisema anapeleka wachumaji wa stroberi kwa viza ya miezi sita. Hakuna hata mmoja ameenda. Ofisi imefungwa, ile namba ya kwanza haipatikani, lakini yeye hajaacha, amehama tu.

Mimi niko na saiba, watu wakitaka kuprinti karatasi za safari wanakuja kwangu. Dada mmoja wa Njoro akaleta cheti cha sponsa, ile watu wanaita COS, alikuwa ametumiwa WhatsApp akataka nimtolee kwa karatasi ngumu ya rangi. Ilikuwa imeiva kabisa, muhuri mwekundu, sahihi mbili, picha ya taji. Shida ni kwamba kijana wa Molo alikuwa ameleta kama hiyo kabla yake, na namba zilikuwa zile zile, tarehe ile ile, shamba lile lile, jina tu ndio limebadilishwa na hata mwandiko wa jina haufanani na hayo maneno mengine. Nilimwambia hapo hapo. Alikaa kwa kiti muda mrefu hajasema kitu, juu alikuwa ameshauza ng'ombe wa maziwa na kuchukua mkopo wa chama.

Sasa sikieni vile COS hufanya kazi, juu hapa ndio watu wanaliwa. COS ya ukweli si karatasi. Ni rekodi ndani ya kompyuta ya serikali ya Uingereza kwamba kampuni fulani imekupatia kazi, na kila mtu anapewa namba yake peke yake, watu wawili hawawezi kushea namba moja. Hiyo namba ndio unajaza ukiomba viza. Kwa hivyo ukiletewa cheti cha kuwekwa kwa fremu na muhuri, usiangalie kama muhuri ni mzuri, jua tu hakuna muhuri unahitajika.

Na viza yenyewe iko, hiyo ndio inafanya uongo wake uingie vizuri. Inaitwa Seasonal Worker, ni ya miezi sita kwa kazi ya matunda, mboga na maua, na mwaka wa 2025 Uingereza ilitenga nafasi 43,000 za kazi hizo kwa dunia yote. Lakini mwenye shamba huko hawezi kukuita mwenyewe. Kuna kampuni chache tu zenye serikali yao imepatia ruhusa ya kutafuta wafanyakazi na kutoa COS, majina yako wazi kwa tovuti ya serikali yao gov.uk, mtu yeyote anaweza kusoma. Huyu jamaa alikuwa anasema shamba limempatia yeye nafasi moja kwa moja juu "anajuana na meneja". Hakuna kitu kama hiyo.

Halafu sheria yao hairuhusu ajenti kumlipisha mfanyakazi pesa ya kutafutiwa kazi. Walikaza sekta ya maajenti wa vibarua mwaka wa 2004, baada ya Wachina zaidi ya ishirini waliokuwa wanachuma kome kufa maji Morecambe Bay, pwani ya huko Uingereza, watu walipelekwa kazi usiku na mabosi waliokuwa hawajali. Kwa hivyo mtu akikwambia ulipe "ada ya sponsa" ameshakuonyesha yeye ni nani.

Angalieni vile alikuwa anakula, kidogo kidogo ndio usishtuke. Unaanza na usajili elfu tano. Wiki mbili anapiga, umechaguliwa, nenda kliniki fulani ufanye medikali na kipimo cha TB, na ni hiyo kliniki tu, ingine hawakubali. Kumbe kipimo cha TB Uingereza wanataka kwa mtu anaenda kukaa zaidi ya miezi sita, na hii viza haipiti miezi sita. Kisha kozi ya Kiingereza, na hii viza haina mtihani wa Kiingereza. Kisha sponsa, elfu themanini na tano, hapo ndio ng'ombe na mashamba yanaenda. Kisha viza, anataka umpatie yeye pesa akulipie, na viza unajilipia mwenyewe mtandaoni kwa serikali ya Uingereza, mwaka huo wa 2025 ilikuwa pauni 319, kama elfu hamsini na tano hivi za Kenya, halafu wewe mwenyewe unaenda Nairobi kuwekwa alama za vidole. Kama hujawekwa vidole, hakuna viza imeombwa. Haijalishi amekuonyesha nini.

Watu wengi aliwatafuta Kericho na Bomet na huko kambi za maua Naivasha, na hiyo inaniuma zaidi. Anajua kule kwa majani chai mashine zimechukua kazi ya mikono, si mnakumbuka Mei 2023 watu walichoma zile mashine Kericho kwa hasira. Sasa anaenda kwa mama amechuma majani maisha yake yote anamwambia ujuzi wako ndio wanatafuta Uingereza. Ukiwa umekaa bila kazi na mtu akakwambia mikono yako bado ina thamani, utasikiza. Na akiulizwa maswali anasema ni mpango wa serikali, anachanganya kila kitu, mara Israel juu mwishoni mwa 2023 Wizara ya Leba kweli ilitangaza vibarua 1,500 wa mashamba wa kuenda huko, mara Ujerumani juu Ruto alikuwa Berlin Septemba 2024 mkataba ukasainiwa, anasema nafasi ni laki mbili na nusu wakati serikali ya Ujerumani yenyewe ilisema hakuna hesabu yoyote kwa huo mkataba. Na hata kama ingekuwako, Ujerumani inahusiana nini na stroberi za Uingereza?

Kitu kingine, na tafadhali msikasirikie watu ovyo kwa hii. Alikuwa anasema ukileta watu watano unapunguziwa ada ya sponsa. Kwa hivyo mtu anaingiza dada yake, jirani, watu wa kanisa, akiamini kabisa anawasaidia. Sasa mambo imelipuka wale watano wanamfuata yeye nyumbani, mmoja wa hao walioleta watu ametoroka kwao kwa sababu ya vitisho. Huyo pia ameibiwa. Pesa zote zilienda kwa laini moja ya M-Pesa na hiyo laini si ya huyo aliyeleta watu.

Grupu la kwanza walifika mpaka uwanja wa ndege JKIA na mabegi. Walikuwa wamepewa karatasi za ndege, lakini ilikuwa buking tu, haijalipiwa. Buking mtu yeyote anaweza kushikilia siku chache bila kulipa. Tiketi iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13, ukikosa kuiona pigia ndege wenyewe. Walilala hapo nje, wengine hawakuwa hata na nauli ya kurudi Nakuru.

Kabla hujalipa ajenti yeyote, ingia tovuti ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali ya Kenya, neaims.go.ke, uangalie kama ako kwa orodha na leseni yake haijaisha. Usiishie hapo, chukua namba iliyo kwa hiyo orodha upige, juu huyu alikuwa anatumia jina linakaribiana na la kampuni iliyo na leseni. Mkataba wa kazi ya nje pia kwa sheria ya Kenya lazima upitie kwa afisa wa leba, muulize ajenti ni ofisi gani ya leba wataupitisha na uende mwenyewe uulize. Pasipoti na cheti cha tabia njema lipa kwa eCitizen, paybill ni 222222, hakuna mtu anakulipia "kwa haraka". Na pasipoti usimwachie mtu. Huyu amekaa na za watu wengi na anadai elfu kumi kumi "ya faili" ndio azirudishe, msimpatie, ripotini kwa polisi kwamba anazizuia.

Wenye wameshalipa, msifute meseji za M-Pesa hata kama zinawauma kuziona, ombeni Safaricom steitimenti ya hiyo miezi, wekeni skrinshoti za WhatsApp kabla hajafuta grupu. Nendeni mkiwa wengi, kila mtu apate namba yake ya OB, ile ya kitabu cha ripoti cha polisi. Kama unaogopa kituo cha kwenu piga DCI, polisi wa upelelezi, bure 0800 722 203. Hapa Nakuru tayari watu wameandikisha, jina lake siandiki hapa juu kesi imeanza na hatutaki apate njia ya kusema amechafuliwa.

Sai anasikika Kakamega na Mumias, amebadilisha hadithi, ni bluberi za Kanada na usajili umepanda elfu saba. Sauti ni ile ile, mpole, anaanza na maombi kwa simu. Kama amekupigia wiki hii andika hapo chini ni mji gani na alitaka pesa itumwe wapi, hiyo laini mpya ndio wapelelezi wanahitaji.