Diski ya nje ipi ununue ili sasisho la kompyuta lisikuache bila mafaili

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya kuitunza Windows 10, na wengi ambao kompyuta zao zinakubali walihamia Windows 11. Kila uhamaji wa namna hiyo huleta kilio kilekile kwa mafundi: nimesasisha kompyuta, diski yangu ya nje haionekani, nishauri ninunue ipi. Mpangilio ulio hapa chini unawajibu watu hao. Sikuupanga kwa kasi wala kwa uzuri wa umbo. Nimeangalia diski ipi itakusumbua kidogo asubuhi baada ya sasisho, na ikikusumbua, ipi itakurudishia mafaili yako bila vita.

Kabla ya kutoa pesa, hakikisha ile ya zamani imekufa kweli. Mara nyingi haijafa. Badili kebo kwanza, kisha badili tundu la USB. Kama ni kompyuta ya mezani tumia tundu la nyuma, lililo kwenye ubao wenyewe. Chomoa kigawanyi cha USB kama unakitumia. Ukiwa kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, ubonyeze Enter. Dirisha litakalofunguka linaonyesha kila diski ambayo kompyuta inaihisi. Diski ikiwepo pale lakini haina herufi, sasisho limeipokonya herufi tu, au herufi hiyo imechukuliwa na kifaa kingine. Bofya kwa kitufe cha kulia, uipe herufi mpya, na mafaili yataonekana kama ulivyoyaacha.

Kompyuta ikikuambia diski lazima ifomatiwe ndipo itumike, kataa. Nasisitiza: kataa, hata kama dukani wamekuambia ni kawaida. Ujumbe ule una maana kwamba mfumo umeshindwa kusoma jedwali la mafaili, na mafaili yenyewe mara nyingi bado yapo. Kuna programu ya bure, TestDisk, na ndugu yake PhotoRec, ambazo zimewaokoa watu wengi katika hali hii. Ila ukisikia diski inagonga tik-tik-tik, usiendeshe programu yoyote ya kurekebisha, chkdsk ya Windows ikiwemo. Izime na umpelekee fundi wa kuokoa data, kwa sababu kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza.

Watumiaji wa Mac wana visa vyao. Tangu macOS Ventura ya 2022, laptopu za Mac zenye chipu za Apple huomba ruhusa kabla ya kukubali kifaa kipya cha USB. Ukibofya kataa bila kusoma, diski haitaonekana. Kisa kingine ni fomati, yaani namna diski inavyopanga mafaili ndani yake. Mac inasoma NTFS, fomati ya Windows, lakini haiiandikii, hivyo wengi hununua programu ya ziada ya kuandikia, na programu hiyo inaweza kugoma baada ya sasisho kubwa mpaka mtengenezaji wake atoe toleo jipya. Na kama diski yako ni ya exFAT, fomati inayokubaliwa na Windows na Mac zote, na ilichomolewa ghafla, Mac huikagua kimyakimya kabla ya kuionyesha. Diski kubwa inaweza kuchukua muda mrefu. Mtu anaona haipo, anaichomoa tena, na ukaguzi unaanza upya. Iache ichomekwe, usubiri.

Usiwe mwepesi pia kulilaumu sasisho. Agosti 2025 zilienea habari kwamba sasisho la Windows 11 linaua SSD, yaani diski za chipu zisizo na kitu kinachozunguka. Microsoft, na Phison ambao hutengeneza chipu za kuendesha SSD, walichunguza na kusema hawakuona uhusiano. Kinachotokea zaidi ni kwamba sasisho huandika na kusoma sana, huwasha kompyuta upya mara kadhaa, na kebo iliyochoka au diski iliyokuwa mahututi inaangukia hapohapo.

Kama umepita yote hayo na bado unahitaji kununua, huu ndio mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza: SSD ya nje ya mtengenezaji anayejulikana, TB 1 au 2. Samsung T7 na Crucial X9 ni mifano mizuri. Haina sahani inayozunguka, kwa hiyo ikianguka kutoka mezani kwa kawaida inaendelea kufanya kazi, na haihitaji ule msukumo wa umeme ambao diski ya kuzunguka huuhitaji inapoanza. T7 imetangazwa kufika MB 1,050 kwa sekunde, lakini kasi hiyo inahitaji tundu la USB la Gbps 10 (gigabiti 10 kwa sekunde). Laptopu nyingi za mtumba zina tundu la Gbps 5, na hapo utapata takriban nusu yake, ambayo bado ni mara kadhaa ya diski ya kuzunguka. Usilipe zaidi kwa ajili ya modeli za kasi kubwa kuliko hiyo kama kompyuta yako haiwezi kuitumia.

SSD ina udhaifu wake, nao ni mzito: ikifa, mara nyingi hufa bila onyo, na kuokoa data ndani yake ni kazi ngumu na ghali. Tena haifai kufungiwa kabatini miaka mingi bila umeme. Mwaka 2023 baadhi ya SSD za SanDisk Extreme na Extreme Pro zilikuwa zinatoweka kwenye kompyuta zikiwa na mafaili ndani, na Western Digital, iliyokuwa ikimiliki SanDisk wakati huo, ikatoa sasisho la programu ya ndani ya diski hizo. Ukiuziwa moja iliyotumika ya kipindi hicho, tafuta kama imesasishwa kabla ya kuiamini.

Nafasi ya pili: diski ndogo ya kuzunguka, ya inchi 2.5. Kwa anayehifadhi picha za harusi, video za ibada au hesabu za duka za miaka kumi, hii bado ndiyo inayotoa nafasi kubwa kwa bei ndogo. Ningeiweka ya kwanza kwa kazi ya kuhifadhi nakala tu, yaani diski unayoichomeka jioni, unakopia, unaichomoa na kuiweka mahali pakavu. Ni ya pili kwa sababu ndiyo inayoongoza kwa malalamiko baada ya sasisho, na sababu kubwa ni umeme na kebo. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900. Diski hii inapoanza kuzunguka inaweza kutaka karibu yote hayo. Kwenye tundu chovu au kebo ndefu ya bei rahisi itawasha taa, itazunguka, itakatika, itarudi. Mwenye diski anasema Windows mpya imeiharibu, kumbe kebo fupi nzuri ingemaliza shida.

Kebo yenyewe ni suala. Diski nyingi za aina hii bado zina ile plagi pana na bapa yenye vipande viwili, ambayo hulegea mapema. Ukiona modeli yenye USB-C upande wa diski kwa tofauti ndogo ya bei, chukua hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi na mimi nataka kila mnunuzi alijue. Ndani ya diski ndogo nyingi za Western Digital, tundu la USB limechomelewa moja kwa moja kwenye ubao wa diski. Tundu likivunjika, huwezi kutoa diski na kuiweka kwenye kasha lingine. Zaidi ya hapo, modeli nyingi za My Passport husimba data, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, kwa chipu ya ubao hata kama hukuweka neno la siri. Seagate nyingi za ukubwa huu zina ndani diski ya kawaida ya SATA, plagi ileile ya diski za laptopu, na ubao mdogo wa USB unaochomoka. Kwa fundi wa mtaani tofauti hiyo ni kubwa sana: ya kwanza inahitaji mtaalamu mwenye vifaa, ya pili inahitaji bisibisi na kasha jipya. Zote zinafanya kazi vizuri zikiwa nzima. Mimi ningechagua ile inayofunguka.

Usisakinishe programu zinazokuja ndani ya diski. Mwaka 2013, Apple ilipotoa OS X Mavericks, watu walipoteza mafaili kwenye diski za nje, na Western Digital ikawaandikia wateja wake waondoe programu zake za WD Drive Manager, WD Raid Manager na WD SmartWare kabla ya kuhamia mfumo mpya. Programu ya namna hiyo hukaa katikati ya mfumo na diski, na mfumo ukibadilika yenyewe ikabaki ya zamani, unayeumia ni wewe. Windows na Mac zina njia zao za kuweka nakala rudufu, tumia hizo. Ukitaka kuifunga diski kwa BitLocker, kifungio cha Windows chenyewe, funga, lakini andika ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 kwenye karatasi na uuhifadhi mbali na laptopu.

Nafasi ya tatu: kasha tupu na diski unayoichagua mwenyewe. Hii ni njia ya mwenye fundi anayemwamini, na njia nzuri ya kuipa kazi diski iliyotolewa kwenye laptopu ya zamani. Faida yake ni kwamba kasha likigoma unabadili kasha, diski inabaki. Hasara ni kwamba ubora unategemea chipu ya kasha, na makasha yasiyo na jina huwa na chipu ambazo mfumo mpya hauelewani nazo. Kumbuka jambo moja: makasha mengine hupanga vipande vya diski kwa namna yao, kiasi kwamba diski iliyofomatiwa ndani ya kasha moja ikihamishiwa lingine huonekana tupu. Ikikupata hivyo, usifomati. Irudishe kwenye kasha la awali, toa mafaili, ndipo uhame.

Nafasi ya nne: diski ya mezani ya inchi 3.5 yenye adapta yake ya umeme. Inafaa studio na ofisi zenye TB nyingi. Umeme wa kwenu ukikatika mara kwa mara, hesabu na bei ya UPS (betri ya akiba), kwa sababu diski inayozimika katikati ya kuandika inaweza kuharibu jedwali la mafaili.

Nafasi ya mwisho: flashi na memori kadi. Za kubebea, si za kuhifadhia. Kuna kazi moja nazipendekeza kwa moyo wote: flashi ya GB 16 yenye kisakinishi cha mfumo, ili sasisho likikwama uweze kuiwasha kompyuta.

Sasa jihadhari na kinachouzwa kama "SSD ya TB 16" kwa bei ya chakula cha siku chache. Ni bandia. Ndani huwa na memori kadi ndogo iliyodanganywa iseme ni kubwa; inakubali kila unachokopia, kisha inaandika juu ya mafaili yaliyotangulia. Utaligundua hilo siku unayoyahitaji. Kwenye Windows ijaribu kwa programu ya H2testw, kwenye Mac na Linux kwa F3. Zote ni za bure, na hujaza diski nzima kisha kusoma tena zilichoandika. Kwa diski iliyotumika, fungua programu ya CrystalDiskInfo uone saa ilizowashwa na kama ina vipande vilivyohamishwa (Reallocated Sectors), yaani sehemu mbovu ambazo diski imezibadili kwa za akiba. Namba ya vipande hivyo ikiwa juu ya sifuri, mimi siinunui.

Ukubwa gani? Nunua mbili za TB 2 badala ya moja ya TB 4, hata kama moja ni nafuu kidogo. Mafaili yaliyo kwenye diski moja tu ya nje, na kompyutani hayapo, hayana nakala, na mwenye mafaili hayo ndiye anayelia kwa fundi baada ya sasisho. Unaposasisha, zote mbili ziwe zimechomolewa. Hata Microsoft iliwahi kulazimisha hivyo: Mei 2019 sasisho la Windows 10 lilizuiwa kwenye kompyuta zenye kifaa cha USB au memori kadi iliyochomekwa, kwa kuwa herufi za diski zilikuwa zinavurugika.

Kuhusu fomati: Windows peke yake, NTFS. Mac peke yake, APFS, fomati ya Apple. Ukihama kati ya hizo mbili, exFAT, ukijua kwamba haina kumbukumbu ya kujirekebisha kama NTFS, kwa hiyo usiichomoe kabla kompyuta haijaiachia. FAT32, fomati ya zamani, iache, haikubali faili moja linalofika GB 4, na video ya saa moja huvuka hapo kirahisi.

Unapokwenda kununua, Kariakoo, Luthuli Avenue au duka lolote, beba laptopu yako. Omba diski ifunguliwe mbele yako, ichomeke kwa kebo iliyomo kwenye boksi, kopia folda ya GB 20 uliyokuja nayo, ichomoe, ichomeke tena, ufungue mafaili kadhaa. Hakikisha namba ya mfululizo kwenye diski ni ileile iliyo kwenye boksi na iandikwe kwenye risiti. Muuzaji asiyekubali ijaribiwe, nenda duka linalofuata.