Ramani ya Niue kwenye fleksi: vijana wa mabango, Mtwara mjini

Nafundisha Jiografia sekondari hapa Mtwara, na kwa muda mrefu nimetaka ramani kubwa ya ukutani ya Niue, kisiwa cha Polynesia. Kwenye ramani nyingi za dunia hakipo, au ni kinukta tu mashariki ya Tonga. Nikaichora mwenyewe, nikapeleka faili kwa vijana wa mabango upande wa soko kuu. Mita mbili kwa moja na nusu, fleksi nzito, shilingi 15,000 kwa mita ya mraba.

Wasiwasi wangu ulikuwa rangi. Niue ina kilomita za mraba 260 hivi, yote ni matumbawe yaliyoinuliwa juu ya bahari, na imekaa kwa ngazi mbili: ukingo wa chini unaozunguka pwani, kisha uwanda wa katikati unaopita mita 60. Ngazi hizo zisipoonekana, hujachora Niue. Sampuli ya kwanza ilitoka kijani kimoja kisiwa kizima. Kijana wa kompyuta hakununa, aliuliza tu kwa nini tofauti ile ni muhimu. Nikamweleza kwamba kule mvua yote inazama kwenye mwamba, hakuna mto wala kijito, maji yanapampiwa kutoka chini ya ardhi au yanakingwa kwenye mabati. "Kumbe kama kwetu Newala, mwalimu," akasema. Mwamba wetu ni wa aina nyingine, lakini aliyekulia juu ya uwanda wa Makonde shida hiyo anaijua. Akaugeuza ukingo kuwa kijani cha mgomba mchanga, akachapa kipande kingine bila kuniongezea hela. Kwa hilo nawapa alama zote.

Kitu kilichotoka vizuri kuliko vyote ni alama ya kreni pale Alofi, makao makuu. Niliiweka kubwa makusudi. Sisi tuna bandari ya kina kirefu; Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga za Nachingwea, mradi ukafa, reli ikang'olewa, bandari ikabaki na leo inapakia korosho. Niue haina ghuba ya kuhifadhi meli. Meli ya mizigo inabaki nje, shehena inashushwa kwenye vyombo vidogo, vinaletwa gatini, kreni inanyanyua. Kopra, ndimu na pasheni zilisafirishwa kwa tabu hiyo hiyo, na leo magimbi, vanila na asali vinapita humo humo. Januari 2004 kimbunga Heta kikaipiga Alofi, hata hospitali ikabomoka. Mwanafunzi akiiangalia hiyo kreni, hahitaji nimwandikie ubaoni kwa nini uchumi wa kisiwa hiki haupandi kirahisi.

Grafu ya watu niliibana pembeni, nikidhani haitasomeka. Inasomeka hadi dawati la nyuma. Miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 5,000, leo ni kama 1,700. Wote wangeingia uwanja wetu wa mpira wa Nangwanda Sijaona na majukwaa yasijae. Tangu 1974 wanajitawala kwa ushirika na New Zealand, wana uraia wake, na huko ndiko wengi walikohamia: sensa ya New Zealand ya 2018 ilihesabu watu zaidi ya 30,000 wenye asili ya Niue. Linaniuma, kwa sababu vijana wa Msimbati nao wanaondoka kwenda Dar. Halafu nyangumi wanaowaletea Niue watalii kuanzia Julai hadi Oktoba ni wa aina ile ile ya nundu wanaopita kwetu miezi hiyo. Watalii wa nyangumi Mtwara bado ni wachache mno.

Kasoro ipo. Ringi waliweka pembeni nne tu, na bango la ukubwa huo likining'inizwa linalegea katikati, bahari ya kaskazini inakunjamana. Waambieni mapema waweke na za katikati, juu na chini, maana baadaye wanalipisha. Umeme ukikatika nao kazi inalala.

Faili pelekeni kwa flashi au barua pepe, likiwa PDF. Mkituma picha kwa WhatsApp inabanwa, na kisiwa kidogo ndicho kinachopotea kwanza.