Rangi ya fluoresensi: kagua kifuko kabla ya jina

Masika iliyopita nilipokea Moshi kichupa cha rangi ya kuwekea alama kingamwili, ile inayong'aa ikimulikwa chini ya hadubini, kimekuja kwa basi kutoka Dar. Barafu ilishakuwa maji, lakini si hilo lililoniudhi. Kichupa hakikuwa na kifuko cha foili wala silika ya kunyonya unyevu, na lebo iliandikwa kwa kalamu. Muuzaji alipima kutoka chupa kubwa. Poda ilikuwa imegandamana ubavuni kama sukari iliyosahaulika jikoni. Niliitumia hivyo hivyo, kwa uchoyo. Chini ya hadubini, giza.

Mwangaza na urefu wa mawimbi utavisoma mwenyewe kwenye karatasi ya bidhaa. Mimi naangalia unyevu tu. Rangi nyingi za protini hushika kwa NHS esta, kishikio cha kemikali kinachong'ang'ania amini za protini, nacho huliwa na maji: kwenye pH 8.6, nyuzi 4, nusu yake huisha ndani ya dakika 10 hivi. Kwa hiyo nunua vichupa vya miligramu 1 vilivyofungwa kiwandani, hata kama kikubwa kinaonekana nafuu. Kikitoka friza, kiache kimefungwa hadi kiwe na joto la chumba. Ukikifungua kikiwa baridi kitatoka jasho kama soda, na jasho lile linaingia ndani. Na bafa ya Tris (mmumunyo wa kutuliza pH) iache kabatini, nayo ina amini itakayonyakua rangi yako kabla ya kingamwili.

Namba moja kwangu ni ATTO 488, ya Wajerumani wa Siegen. Sijifichi, naipenda: inavumilia taa, huhitaji kukimbizana nayo kupiga picha. Ya pili ni Alexa Fluor 488, ambayo mwangaza wake hautetereki kutoka pH 4 hadi 10. Ukihitaji nyekundu ya mbali, Cy5 inafaa, ila ozoni inaidhuru.

Rangi ya FITC ni ya bei nafuu. Inachuja upesi na hufifia pH ikishuka chini ya 7. Inawatosha wanafunzi wa mazoezi.

Sasa hao wauzaji. Ankara yangu ilikuwa na mstari wa "usafirishaji wa baridi", na niliulipa. Nilipopiga simu kulalamika niliambiwa: "Dada, poda ni poda." Nikaomba picha ya chupa kubwa waliyopimia. Mpaka leo hawajaituma.