Uzoefu wangu: dokta wa Lindi kufungua faili la mama lililoko Dar

Jamani niwape uzoefu wangu na hii huduma ya dokta kusoma faili la mgonjwa kwa mtandao, maana naona wengine mnaisifia tu wengine mnaiponda tu.

Bi mkubwa wangu ana presha ya miaka na moyo umetanuka, kliniki yake iko Dar ila anaishi kwetu Mingoyo, Lindi, na ukimwambia abaki Dar anakuuliza mikorosho atapalilia nani. Mei 2024 tarehe yake ikaangukia wiki ileile ya kimbunga Hidaya, barabara imekatika Somanga, mabasi yamekwama, na mama miguu imevimba, magoti yanamuuma. Tukampeleka hospitali moja huku kwetu inayoshirikiana na ile ya Dar (sizitaji zote mbili), dokta akasema faili nalisoma hapahapa ila mfumo unataka ruhusa ya mgonjwa, inakuja namba kwenye simu yake, mkinitajia linafunguka.

Sasa kasheshe. Mama kashika kitochi chake tunasubiri meseji, wapi, kumbe Dar walimwandikisha kwa laini ya dada na dada yuko Kariakoo hapokei simu. Saa nzima benchi. Alipopokea akakosea tarakimu moja, tukaanza upya.

Ila lilipofunguka nilinyoosha mikono. Dokta alishaanza kuandika diklofenaki ya magoti, akaona majibu ya damu ya mwezi wa pili, kalamu ikasimama. "Mama, waliwahi kukwambia figo zako haziko sawa?" Mama anajibu waliniambia nipunguze chumvi. Akaikata ile dawa, akatueleza dawa za maumivu za jamii ile zinaumiza figo na zinafanya mwili ushike maji, na kwa mtu wa moyo ndo kabisa, akampa panadol na kumwongezea ya kukojoa. Daftari la kliniki tulikuwa nalo, lakini mwandiko ule hata yeye ulimshinda. Eko ya moyo (kile kipimo cha picha ya moyo) nayo hatukurudia, hela ikabaki mfukoni.

Jumatatu iliyofuata tunarudi kuangaliwa, intaneti inasuasua nchi nzima, nyaya za baharini zimekatika, faili halifunguki ng'o. Bahati dokta siku ya kwanza alikuwa kanakili dawa na majibu ya figo kwenye daftari, kwa mwandiko unaosomeka safari hii.

Kilichonichefua ni mara ya tatu. Dokta hayupo, kijana wa mapokezi anaingia kwa jina la dokta, paswedi imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa palepale kwenye kompyuta, na faili la mama hilo linafunguka bila namba yoyote! Kumbe ruhusa ukishatoa mara moja inakaa wazi tu, hakuna aliyetuambia inafungwaje. Nikamuuliza yule kijana, mdogo wangu, hili faili wamelifungua akina nani? Hajui, na hakuna wa kumuuliza. Na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo tangu 2022.

Nitaendelea kuitumia, Dar mbali. Ila ukitoka Dar hakikisha namba ya simu iliyopo kwenye faili ni ya mtu anayekaa na mgonjwa, na uliza ruhusa inaisha lini. Mimi nimepeleka barua nipewe orodha ya waliofungua, nikaambiwa nipite wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo imeshapita mara tatu.