Beyerdynamic M 160 ya mtumba: maiki ya utepe unayoweza kupanda nayo jukwaani

Wauzaji wengi wa maiki za zamani wakiona kromu na mbavu mbele, basi watakwambia hiyo ni maiki ya utepe, yaani inayonasa sauti kwa utepe mwembamba wa chuma ulio katikati ya sumaku. Usiwaamini upesi. Shure 55, ile inayoonekana kwenye picha za Elvis Presley, haina utepe hata kidogo. Ndani yake kuna koili na sumaku, sawa na SM58, maiki ya kawaida ya waimbaji jukwaani. Ile kubwa ilitoka 1939, kazi ya mhandisi Benjamin Bauer, na ile ndogo, 55S, ikafuata 1951. Ni maiki nzuri, ngumu, lakini ukiilipia bei ya utepe umepigwa.

M 160 iko kinyume kabisa: utepe inao, sura haina. Ni kibomba chembamba cheusi chenye kichwa cha wavu cha mviringo, uzito gramu 156, na asiyeijua ataipita mezani. Inatoka Heilbronn, Ujerumani, tangu 1957, na hadi leo haijaacha kutengenezwa. Ndani ya kichwa hicho kidogo kuna tepe mbili za alumini, si moja. Kama unatafuta maiki moja ya utepe ya kufanyia kazi jukwaani, nunua hii. RCA 44 na 77-DX, maiki kubwa za utepe za zamani, ziache studio.

Sifa ya maiki za utepe kuwa dhaifu ni ya kweli, ila watu huielewa vibaya. Utepe hauogopi kelele, unaogopa upepo. Ule wa RCA 44 una urefu wa takriban sentimita 6, ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi, na umelegezwa makusudi ili ushike besi. Ukitembea nayo uwanjani bila kuifunika, hewa peke yake inatosha kuuvuta ukaharibika umbo. Tepe za M 160 ni fupi, kwa hiyo hazipepei ovyo. Ndiyo maana mhandisi wa sauti Andy Johns aliweza kutundika M 160 mbili juu ya ngazi katika nyumba ya Headley Grange, Uingereza, kurekodi ngoma za John Bonham wa Led Zeppelin, naye mhandisi mwenzake Eddie Kramer akaitumia kwenye ampu ya gitaa ya Jimi Hendrix. Hizo si kazi za chombo cha kubembelezwa.

Hata hivyo usiiweke mbele ya tundu la ngoma kubwa ya mguu. Pale panatoka upepo, si sauti tu. Kwa mwimbaji, iache umbali wa sentimita 15 hadi 20, isogeze kidogo pembeni ya mdomo, na uivalishe sponji. Inapong'aa kweli ni kwenye ampu ya gitaa, tarumbeta, saksafoni, na hasa fidla: ule ukali wa juu unaokera masikio kwenye maiki nyingine haupo. Inasikia mbele na kupuuza sehemu kubwa ya pembeni, kwa hiyo mluzi wa spika unachelewa kuja. Kumbuka tu kwamba maiki za namna hii husikia kidogo nyuma, basi monita, ile spika inayomwelekea mwanamuziki, iweke mshazari, isiwe nyuma yake moja kwa moja.

Kasoro yake kubwa ni sauti ndogo. Inatoa takriban milivolti 1 kwa paskali, chini ya SM58 kwa desibeli 5 hivi. Kwenye ampu hutaona tofauti. Kwenye udi au fidla inayopigwa taratibu utahitaji kuikuza sauti kwa desibeli 60 na zaidi, na miksa ya bei rahisi itaanza kutoa mvumo.

Kabla ya kulipa, hakikisha ni yenyewe. M 130 ina umbo lile lile na utepe pia, lakini inasikia mbele na nyuma sawasawa. Zungumza upande mmoja, igeuze, zungumza tena, utajua. M 260 ina utepe mmoja. M 500 imetengenezwa kwa ajili ya mwimbaji, na M 88 ni ya koili. Maandishi ya mwilini hufutika, kwa hiyo usiyategemee, wala usitegemee rangi.

Kuipima, usiipulize na usiiguse kwa mita ya omu. Mita inapitisha umeme kwenye transfoma iliyo ndani ya maiki, na mshtuko wake unaurusha utepe. Iunganishe kwenye miksa, volti 48 (umeme ambao miksa hupeleka kwenye maiki kupitia kebo) zikiwa zimezimwa, uongee kwa sauti ya kawaida. Kisha ilaze, isimamishe, igeuze kichwa chini huku ukiendelea kuongea. Sauti ikibadilika au ikikwaruza katika mkao mmoja, utepe umelegea unagusa sumaku, au vumbi la chuma limeingia. Sauti ikiwa hafifu kupita kiasi, utepe umenyooka au umekatika. Angalia pia kama kuna chembe za sponji nyeusi zinazodondoka: sponji za miaka ile huoza na kuangukia ndani.

Sasa plagi, na hapa ndipo nyingi zimefia. Herufi C mwishoni mwa jina ina maana ya plagi ya XLR, ile ya pini tatu iliyo kwenye maiki nyingi za leo. Nyingine za zamani zina plagi ya Kijerumani ya pini tatu, ambayo ardhi yake iko pini ya 2, wakati XLR ardhi iko pini ya 1. Adapta iliyounganishwa moja kwa moja, 1 kwa 1 na 2 kwa 2, inapeleka volti 48 upande mmoja wa transfoma na ardhi upande wa pili. Transfoma haipitishi umeme wa mkondo mmoja, lakini ule mshtuko wa kuwasha na kuzima unapita, na utepe unaupata wote. Pima adapta peke yake, maiki ikiwa mbali: pini ya 1 ya XLR lazima iende pini ya 2 ya upande wa maiki. Kebo na adapta zikiwa sahihi, volti 48 hufika pande zote mbili kwa usawa na hazina madhara. Bado zizime kabla ya kuchomeka au kuchomoa.

Ukiihamisha, ifunike kwa mfuko wa plastiki. Ukiwa pwani, itunze kwenye kasha pamoja na vipakiti vya silika. Chumvi na unyevu hula alumini. Na muulize muuzaji kama tepe zimewahi kubadilishwa na nani. Kuweka tepe mbili ndogo kiasi hicho si kazi ya fundi redio wa mtaani, kwa hiyo maiki isiyotoa sauti ilipie bei ya kasha tu, hata kama inang'aa.